Chusa cha Kwanza

Nyangumi alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji ya kina kifupi, mgongo nje, pembe yake ndefu imeelekea kijijini, na hakuna aliyethubutu kumkata. Si kwamba watu walikuwa wameshiba. Visu vilikwisha kunolewa, watoto walikuwa wakiimezea mate ile ngozi tamu yenye mafuta, lakini Tukumeq alikuwa amekaa juu ya kichwa cha mnyama, miguu ndani ya maji ya barafu, na amegoma kuondoka.

"Shuka bwana, shemeji," alisema Ussaqqaq, mdogo wa marehemu mumewe. "Utapata fungu lako la mjane kama wenzako."

"Fungu la mjane mpe mjane. Mimi ni mwindaji. Chusa changu ndicho kilichotangulia."

Katika ghuba ya Qaanaaq, kaskazini kabisa kwenye bahari ya barafu, neno hilo si dogo. Bunduki haihesabiwi: nyangumi hupigwa kwanza chusa, mkuki wenye kamba, kutoka kwenye kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, na aliyetangulia kumpiga ndiye mwenye pembe. Huyu alikuwa na vyusa viwili mwilini, cha Tukumeq na cha Ussaqqaq, kila kimoja na boya lake la ngozi ya sili. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito na wawindaji wengine walikuwa mbali. Ni wawili tu waliojua ukweli, na mmoja wao alikuwa akisema uongo mkavu bila hata kupepesa jicho.

Tukumeq alikuwa na hasira. Tangu achukue kayaki ya marehemu na kuipanua ili nyonga zake zienee, wanaume walikuwa wakiiita beseni. Alivumilia. Lakini akinyang'anywa hili leo, kesho nani atamhesabu kuwa mwindaji? Atarudishwa kukwangua ngozi mpaka azeeke.

Mzee Masaitsiaq, mgawaji wa nyama, aliyatazama maji yanayojaa. Hakupenda kesi, alipenda kula mapema. "Ikateni pembe katikati, kila mtu nusu. Bahari itatuchukulia chakula hapa!"

"Hata kipande cha ukucha sitoi, mzee."

Ussaqqaq akacheka, akawageukia watu. "Hebu niambieni, mwanamke na pembe wapi na wapi? Pembe kazi yake ni moja, kuonyesha nani dume. Akiinyanyua tu, wenzake wanampisha. Jike anayo? Kanyimwa na Mungu mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko.

"Wanampisha?" alisema Tukumeq. "Mimi nimewaona wakizigusanisha taratibu kama watu wanaosalimiana. Wewe na kelele za kasia lako utawaonea wapi?"

Kicheko kikahamia upande wake. Ussaqqaq akakunja uso, na hapo Tukumeq akaona pa kumshikia.

"Haya, shemeji, wewe ndiye wa kwanza. Ulipompiga, alifanyaje?"

"Alibiringika. Akanionyesha tumbo lote, nusura anipindue, ndipo akazama."

Nyangumi wengi hufanya hivyo, na watu wakaafiki.

"Tumbo uliliona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Alikuwa dume?"

"We mwanamke una wazimu? Dume kabisa! Pembe huioni, na umekaa juu yake?"

Tukumeq akashuka majini. "Mgeuzeni."

Wakamfunga kamba, wakavuta kwa pamoja, mnyama akalala chali. Masaitsiaq akainama karibu na mkia. Kando ya mwanya wa uzazi palikuwa na vitundu viwili vya chuchu. Akavigusa kwa kidole asije akadanganywa na macho yake.

"Jike," alisema. "Nilisikia wapo wenye pembe. Sikuwahi kumwona."

"Ukungu..." alianza Ussaqqaq.

"Ukungu uliokuacha uone tumbo?" aliuliza Tukumeq. "Mimi nilipompiga alinigeuzia, nikaona ni jike." Hakuna aliyecheka safari hii.

"Sasa pembe ya nini kwa jike?" mzee aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua.

"Mimi sijui, mzee. Alikuwa nayo, akatembea nayo, na hakumwomba mtu ruhusa."

Akachukua msumeno wa kukatia pembe. Ussaqqaq alikuwa ameanza kupenya katikati ya watu.

"Unakwenda wapi?" Masaitsiaq alimwita. "Kawaida yetu huijui? Wa kwanza anakata, wa pili anashika kichwa."

Ussaqqaq akarudi, akapiga magoti majini, akakikumbatia kichwa cha nyangumi bila kumtazama mtu.

"Kaza mikono," Tukumeq alimwambia. "Ukiitikisa, naanza upya."