Bwawa la Eliza

Tadea aliporudi kutoka hospitali ya Litembo, hakuingia kwanza nyumbani. Alipitia shambani, akasimama ukingoni na kikapu kichwani, akautazama mteremko wote kuanzia juu hadi kijitoni, kisha akakitua kikapu taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Akacheka. Alicheka akiwa wima, akacheka akiwa ameinama, na mwisho akakaa chini kabisa, miguu mbele, akifuta macho kwa pindo la khanga.

"Eliza, mwanangu," alisema alipopata pumzi, "haya maharage umeyapanda au umeyazika?"

Eliza alikuwa amesimama mbele yake na jembe mkononi, uso bado unang'aa kwa fahari ya siku mbili. Kazi yote alikuwa ameifanya peke yake. Tadea, mwenyeji wake hapa kijijini, na bintiye Hilda walikwenda kumuuguza bibi, wakamwachia robo eka ya ngolo zilizokwisha kuchimbwa na nusu debe la mbegu, wakasema watarudi Ijumaa wapande pamoja. Naye akaona awashangaze. Basi, aliwashangaza.

Ngolo ndiyo kilimo cha Wamatengo. Milima yao imesimama kama kuta za nyumba. Hata mbuzi hushuka kwa kufikiri. Ili udongo usiteremke wote bondeni, majani hukatwa yakalazwa mteremkoni kwa miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya majani, mpaka shamba zima linakuwa mashimo yaliyozungushiwa matuta, mithili ya sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni, ardhi ikayanywa polepole. Mmea hukaa juu tutani, mizizi yake ikila majani yanayooza chini. Mtoto wa Kimatengo wa miaka sita anayajua hayo. Eliza alikuwa na miaka ishirini na mmoja, lakini alizaliwa Chiwanda, kule chini ziwani, ambako muhogo hupandwa mchangani na shimo likichimbwa ni la mgomba. Kwenye semina mjini Mbinga, Bwana Florian, afisa wa mradi wa hifadhi ya udongo uliomleta huku, alichora duara ubaoni akaligonga kwa chaki mara tatu: shimo ndilo linalotunza maji. Eliza aliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Mmea unataka maji, maji yako shimoni. Kuna la kuuliza tena?

"Nitayafukua," alisema sasa. "Nitayafukua yote leo hii, mama, kabla watu hawajaona."

"Watu gani hawajaona?" Tadea aliinua kidevu. Ng'ambo ya kijito, wanawake watatu walikuwa wameshasimama na ndoo zao, na mmoja alikuwa ananyoosha kidole. "Yaache. Mimi nina mbegu kidogo darini, kesho tutapanda nyingine juu ya matuta. Hayo ya chini yaache yalipo. Shamba la mfano, si ndivyo alivyosema Bwana Florian? Basi liwe na mifano yote miwili."

Kufika Jumapili, shamba lilikuwa na jina. Liliitwa Bwawa la Eliza. Watoto walipita wakiuliza kama kambale wameshakua. Watu wazima waliuliza vilevile, ila kwa adabu zaidi. Mzee Urbani, mwenyekiti wa kijiji, ambaye shamba lake lilipakana na hilo, alimsubiri nje ya kanisa akiwa na koti lake la Misa na fimbo isiyo na kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mvuvi wetu. Ukivuna utuite tuje na nyavu."

Eliza alicheka pamoja na wengine. Kucheka alijua, maisha yalimfundisha mapema kwamba anayechekwa akiwahi kucheka mwenyewe, wenzake huchoka upesi. Lakini safari hii kicheko kilimkwama kifuani kama mwiba wa samaki, maana alijua Mzee Urbani alikuwa na barua mfukoni.

Barua ilitoka kwa mradi. Kijiji hicho kilikuwa kati ya vinne vilivyopewa kijana mmojammoja wa kufanya mafunzo kazini kwa mwaka mmoja, kwa posho ya kila mwezi: apime mvua, aandike, asaidie kurudisha ngolo zilizotelekezwa. Hiyo ilikuwa baada ya mvua za El Nino, zilizokwangua milima mpaka mawe yakaonekana kama meno. Mwaka ulikuwa unakwisha Mei. Mradi uliahidi kuendelea, tena kwa vijana watatu, Eliza na wawili wa hapohapo kijijini, ikiwa kijiji nacho kitachangia nusu ya posho kutoka kwenye ushuru wa kahawa. Kikikataa, Eliza angefunga sanduku lake arudi ziwani, na nafasi mbili zile zingekufa kabla ya kuzaliwa. Moja ya hizo Hilda alikuwa ameshaivalia viatu moyoni.

Kwa Eliza, neno posho lilikuwa na ladha ambayo waliozoea mishahara hawaijui. Alikuwa ameshajitolea kufundisha chekechea mwaka mzima, na alipewa shukrani. Akajitolea tena kwenye zahanati mwaka mwingine, akapewa cheti chenye picha ya mikono miwili inayoshikana. Alipokipeleka nyumbani, mama yake, Marselina, alikigeuza nyuma na mbele, akauliza kwa upole kama kinachemshwa au kinakaangwa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa kazi hii, alipoweka sahihi yake na kukabidhiwa bahasha, alitembea kutoka Mbinga hadi nusu ya njia bila kukumbuka kutafuta gari. Alijinunulia mabuti ya mvua. Pesa iliyobaki akamtumia mama, pamoja na salamu kwamba hii inachemshwa.

Na sasa yote hayo yalining'inia kwenye maharage.

Mvua ilianza Jumamosi ya tatu ya Aprili, mara baada ya chakula cha mchana. Haikuwa na ngurumo, wala upepo wa kujitangaza. Ilishuka tu, nzito, imekaza uzi, kama iliyoajiriwa kwa kipande. Ilinyesha jioni, ikanyesha usiku, na kulipopambazuka bado ilikuwa inamalizia viporo. Saa tatu kamili asubuhi, saa yake ya kupima, Eliza alivaa mabuti akakimbia. Kipimamvua kilikuwa kimesimama kwenye nguzo yake nyuma ya ghala la ushirika, kimejaa kuliko alivyowahi kukiona. Alimimina maji kwenye kichupa chenye mistari mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne, midomo ikihesabu. Milimita tisini na nne. Akarudia hesabu. Tisini na nne. Akaandika.

Kisha akakumbuka shamba, na mabuti yakajiongoza yenyewe.

Alitarajia maafa. Alichokuta ni vioo. Mashimo yote, mamia yake, yalikuwa yamejaa maji hadi karibu na ukingo, na kila shimo lilikuwa limeshika kipande chake cha mbingu. Mteremko mzima ulikuwa unametameta. Chini ya maji, maharage yake ya kwanza yalikuwa yamelala rangi ya chai, yamekufa bila ubishi. Na juu yake, kwenye matuta, yale ya mbegu za Tadea yalikuwa yamesimama kijani kibichi, majani mawilimawili yameelekea juu kama viganja vya watoto kwenye baraka. Hakuna tuta lililokatika. Eliza alijikuta anacheka kwa sauti, peke yake, akiruka kutoka tuta hadi tuta. Alivunja bua la hindi, akalitia alama kwa kisu, akaanza kupima kina cha maji shimo baada ya shimo na kuandika, ingawa hakuna aliyemtuma kuandika hayo.

Alipofika mpakani akasimama.

Shamba la Mzee Urbani halikuwapo. Udongo ulioachwa ulikuwa mwekundu na uchi. Miaka ya kahawa nzuri, shamba lile lilikuwa ngolo tupu, linasifika. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, ushirika ukaacha kukopesha mbolea, na watoto wa kiume wa mzee wakashuka Mbinga kuuza mitumba. Majani yakakosa mkataji. Kwa miaka minne mzee alilima matuta marefu ya kushuka mlima, ya haraka, na usiku ule kila mfereji kati ya tuta na tuta ulikuwa umegeuka barabara ya maji. Maharage, samadi, udongo, vyote vilikuwa vimerundikana chini, vimefunika nusu ya kisima wanachotekea wanawake.

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya wekundu ule, suruali imekunjwa hadi magotini, fimbo imezama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Aliichomoa fimbo topeni. "Imenyesha ngapi?"

Kwa miezi mitano Eliza alikuwa anapima mvua, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kijiji kumuuliza.

"Milimita tisini na nne."

"Hiyo ni nyingi?"

Alifungua daftari, akalisogeza mbele ya macho ya mzee, akapitisha kidole kwenye safu. "Tangu Novemba mvua zilipoanza, hakuna siku iliyofika nusu yake."

Mzee alitazama tarakimu kama anayemtafuta mtu wake kwenye picha ya shule. Kisha akageuza shingo kuelekea upande wa pili wa mpaka, kwenye vioo.

"Na yale ya shimoni?"

"Yamekufa yote, mzee."

"Hapo angalau tumekubaliana." Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia.

Eliza alitazama kijito. Kilikuwa kinakwenda kasi, chekundu, kizito, kikielekea machweo, huko yanakokwenda maji yote ya upande ule. "Mzee, kwetu mto ukiingia ziwani na rangi hii, baba huhamisha nyavu. Samaki hukimbia matope. Husema, milima inakuja. Mimi toka utotoni nilidhani anatania."

"Kumbe baba yako amekalia shamba langu."

"Kama si lako, la jirani yako."

"Mwambie alirudishe," Mzee Urbani alisema, na safari hii alicheka, kifupi, kwa pua. Lakini macho yake hayakutoka kwenye kijito.

Eliza alibaki pale alipoondoka mzee. Alikuwa amepanda mlima huu kwa sababu ya bahasha, hilo hakulionea haya, na bado alikuwa anaitaka bahasha. Ila alihisi kana kwamba mtu ameshika ncha ya kwao na ncha ya hapa akazivuta, na kumbe ilikuwa kamba moja tangu mwanzo, naye amesimama juu yake akiwa na bua la hindi.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, uwanjani pa ghala la ushirika. Bwana Florian alifika na pikipiki iliyopakwa tope hadi kwenye taa. Alisoma barua. Egidi, mkulima mwenye sauti ya kuitia ng'ambo, alisimama kabla haijakunjwa.

"Mama zetu walichimba ngolo bila posho. Leo tulipe watu, tena mmoja wao ndiye huyu aliyezamisha maharage?"

Kicheko kilipita uwanjani. Eliza aliinamia mabuti yake.

"Mama zenu walichimba," Tadea alijibu bila kunyanyuka. "Sasa mama zenu wana miaka sabini na wanaumwa mgongo. Kamchimbishe wako kwanza, kisha uje tuendelee."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, na kilikuwa cha upande mwingine. Ndipo Mzee Urbani alipoinuka. Alisema polepole, kama anayetembea juu ya tuta.

"Nina shamba linalohitaji majani, na sina mkataji. Nimewaita vijana waje kujitolea, wakaja siku ya kwanza. Siku ya pili njaa iliwaita, wakaenda. Nani awalaumu? Mtu wa bure hana siku ya kufika. Huyu," alinyoosha fimbo, "amefika kila siku saa tatu, mvua na jua. Alipokosea hakufukua mbegu hata moja kuficha."

Eliza alifungua mdomo kusema kwamba alitaka kuyafukua. Tadea alimkanyaga mguu.

"Sasa tuseme kijiji kimekubali," Egidi alianza, kwa sauti iliyopungua kidogo, "hao wawili wetu watakuwa watoto wa nani?"

Minong'ono ikainuka. Eliza alitazama saa ya Bwana Florian. Ilibaki dakika moja kufika saa tatu. Akainuka.

"Wewe, unakwenda wapi?" Mzee Urbani aliuliza. "Ndiyo kwanza unaamuliwa."

"Saa tatu, mzee."

Alizunguka ghala. Kutoka upande wa pili wa ukuta zilimfikia sauti zinazopanda, zinazoshindana, neno moja moja lisiloshikika. Alikuwa ndiyo kwanza anakifungua kipimamvua aliposikia hatua za kukimbia. Alikuwa Hilda, viatu mkononi.

"Dada, nifundishe kusoma hicho kichupa."

"Nani kakutuma? Wameshapiga kura?"

"Bado." Hilda alikuwa anahema na kutabasamu kwa pamoja. "Wanagombana mtoto wa nani aanze. Mwanawe Egidi anakuja nyuma yangu. Fanya haraka."

Eliza alimpa kichupa. Hilda alikiinua juani, akafumba jicho moja, akakizungusha. Anga lilikuwa safi toka Jumapili. Uso ukamshuka.

"Mbona hamna kitu?"

"Andika hivyo," Eliza alisema, akamkabidhi daftari na kalamu. "Sifuri nayo ina mstari wake."