Asiye wa Damu Asiguse

Angekuja na matusi, mshonaji angejua la kufanya, maana matusi hata yeye alikuwa nayo ya kutosha. Lakini shemeji yake alikuja na mche wa maua.

Mumewe alikuwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, aliyeishi nyumba ya pili, alitokea asubuhi na jembe, akachimba kishimo chini ya nguzo ya taa ya barabarani, mbele kabisa ya kibaraza cha mshonaji, akapanda mmea wa kutambaa. Majirani walipokusanyika, akavua kofia.

"Huu ni mmea wa kumbukumbu ya mdogo wangu," akasema, sauti ikitetemeka pale tu ilipopaswa kutetemeka. "Naomba heshima. Asiye wa damu ya marehemu asiuguse."

Watu wakafuta machozi. Mshonaji yeye alimeza mate machungu. Alijua neno "damu" limerushwa upande gani. Mke ni mke, lakini damu si yake.

Tena kumbukumbu gani? Kumbukumbu ya mumewe ilikuwa ile taa yenyewe. Marehemu, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alikwenda ofisi ya umeme akarudi, akaenda tena akarudi, mpaka makarani wakambandika jina la Bwana Nguzo. Alitaka taa iwekwe pale pale, ili mkewe ashone kibarazani jioni, wateja wanapotoka kazini. Siku ilipowaka mara ya kwanza alimvutia kiti, akamwambia, "Haya, kaa. Jua lako hilo."

Sasa shemeji alikitaka kibaraza. Alitaka afungue duka la simu hapo. Alikuwa ameomba kwa upole, akanyimwa kwa upole, na ndipo mapenzi yake kwa marehemu yakazuka ghafla.

Mvua zikanyesha. Mmea ukaparamia nguzo, ukafika shingoni, ukaifunika taa gubigubi. Kibaraza kikawa kiza. Wateja walianza kupapasa ngazi kwa miguu, kisha wakaacha kuja. Kila jioni shemeji alipita na tochi yake, akammulika usoni.

"Pole na giza, shemeji. Si bora ungehamia chumba cha nyuma ukapumzika?"

"Asante kwa kunijali," mshonaji alijibu, akajikaza kisabuni.

Akilala, roho ilimchemka. Aliwaza kumwaga maji ya moto kwenye mizizi, akaona hiyo ni ndogo. Mmea ungekufa, na shemeji angepata msiba wa pili wa kulilia mbele za watu. Hapana. Alitaka kumwona analia kweli.

Muuza mkaa ndiye aliyempa njia bila kujua. Alileta gunia la mkaa wa pasi huku anajikuna mkono mpaka ukawa mwekundu.

"Upupu, dada. Umejaa huko porini ninakochomea. Usiombe ukuguse."

"Niletee mbegu."

"Za nini? Upupu haulimwi!"

"Nitaulima mimi."

Muuza mkaa alimtazama, akatazama nguzo, akatazama nyumba ya shemeji. Safari iliyofuata alileta mbegu ndani ya kitambaa, wala hakuuliza tena.

Mshonaji alizifukia upande wake wa nguzo mchana kweupe. Shemeji alipomkuta anamwagilia, akauliza ni nini kile.

"Na mimi nampandia mume wangu. Aina ya maharage, lakini yana maua mazuri."

"Mmeona?" Shemeji aliwaita wapita njia. "Shemeji yangu ameanza kuelewa!"

Upupu haukumwangusha. Ulipanda, ukajisokota ndani ya majani ya mmea wa kwanza, ukatoa maua ya zambarau ambayo shemeji mwenyewe aliyasifia. Kisha yakaja maganda, yenye vinyweleo kama vya kiwavi. Mshonaji alihamishia kamba yake ya nguo uani, akangoja yakauke. Hakuwa amewahi kungojea kitu kwa raha namna ile, hata harusi yake.

Maganda yalipogeuka kahawia, nesi wa mtaani alitumbukia mtaroni kwa sababu ya lile giza, akateguka kifundo cha mguu. Mshonaji alimwonea huruma, akampelekea uji. Lakini tusidanganyane, moyoni alisema: sasa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kesho yake mchana na umati nyuma yake.

"Mimea yote itoke leo hii. Taa ionekane."

"Sawa kabisa," alisema shemeji, shati lake jeupe limenyooka. "Shemeji yangu ana mkasi, akate tu. Sina kinyongo."

Mshonaji hakutoa hata mguu kwenye cherehani. "Mimi tena? Mimi si wa damu, shemeji. Ulisema mwenyewe, watu wakalia."

"Basi tutafute kibarua."

"Kibarua naye ni wa damu?" aliuliza muuza mkaa kwa upole, akirudi nyuma hatua kadhaa.

Watu wakaangua kicheko. Uso wa shemeji ukamshuka. Akakunja mikono ya shati, akaushika ule mzigo wa majani kwa mikono miwili, akavuta kwa hasira zake zote.

Ukaja wote. Ulimfunika kichwa, mabega na mgongo, na maganda makavu yakampasukia shingoni.

Kwanza alijikuna kidogo, kama mtu mwenye adabu zake. Halafu akajikuna kwa mikono miwili. Halafu shati likaruka, vifungo vikatawanyika, na mtu mzima yule akawa anajisugua mgongo kwenye nguzo na kupiga mayowe. Umati ulimkimbia.

"Shemeji! Maji! Nakufa!"

"Maji hayasaidii," alisema mshonaji. "Dawa yake majivu." Akagonga pasi yake ya mkaa kwa ukucha. Ilikuwa imejaa majivu. "Ninayo hapa. Ngoja nimalize pindo hili."

Akalimaliza. Lilikuwa pindo la gauni pana, naye hakuruka hata mshono mmoja. Kila yowe lilimwingia mwilini kama chai ya moto siku ya baridi. Alipokata uzi ndipo akainuka na pasi.

"Kibaraza hiki cha nani?"

"Chako! Chako, shemeji!"

"Na kumbukumbu ya mdogo wako ni ipi?"

Shemeji alimtumbulia macho yaliyojaa machozi. Safari hii yalikuwa ya kweli. Mshonaji akanyoosha kidole juu, na watu wote wakainua shingo.

Taa ilikuwa inawaka. Juani, mchana kweupe, inawaka. Ilikuwa na kijicho cha kutambua giza, na majani yalipokifunika, ikadhani ni usiku mmoja usiokwisha. Miezi yote ile haikuzimika hata kidogo, inamulikia majani tu.

Mshonaji hakuwa amelijua hilo. Hasira aliyodhani imeshapoa ikampanda upya.

"Sema!"

"Taa!" alilia shemeji. "Ni taa!"

Mshonaji akammwagia majivu miguuni. "Jipake mwenyewe. Mimi si wa damu, siwezi kukugusa."

Kijicho kilipoona jua, taa ikazimika. Jioni ikawaka kwa wakati wake, na mshonaji akakaa kwenye kiti alichovutiwa na mumewe, akashona na kulia pamoja. Mbegu zilizobaki alizitia kwenye chupa, akaitundika kibarazani mahali ambapo shemeji akipita lazima aione. Tangu siku hiyo shemeji hupita upande wa pili wa barabara.