Kiganja cha Sista Upepo

Fundi cherehani alikuwa katika chumba cha maiti, akimvalisha mama yake gauni la kuzikiwa, pale mkono wa kushoto ulipogoma kupita. Gauni alilishona mwenyewe na vipimo vya mama yake alivijua kwa kichwa, kwa hiyo kosa halikuwa la gauni. Alifunua shuka. Mama yake alikuwa ameshikilia kiganja cha mtu mwingine.

Kilikuwa cha kulia na kiliishia kwenye kifundo, bila jeraha. Kucha zilikatwa fupi, ngozi imekaushwa na sabuni ya dawa. Kilikuwa na joto.

"Cha Sista Upepo," alimwambia mdogo wake, kinyozi, aliyesimama mlangoni na baba yao. "Hakuja kukichukua."

Sista Upepo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, na jina hilo alilipata kwa mwendo wake. Wodi nzima ilikuwa yake peke yake. Mgonjwa aliyeogopa akimwomba asiondoke, alikifungua kiganja cha kulia kama mtu anayevua saa, akamwachia ashike, akaendelea na vitanda vingine kwa mkono wa kushoto. Mgonjwa akilala, alipita kukichukua. Ndugu wa wagonjwa walilijua jambo hilo. Waliokuwa na malalamiko walilalamika kwamba kitanda cha jirani kinakaa nacho mno.

Jioni ya mwisho, aliyekuwa ameushika mkono wa mama ni mumewe. Kengele ya kuwatoa wageni ililia, askari wa mlangoni akamgusa bega. "Mzee, kesho ipo." Mzee alimkabidhi sista mkono wa mkewe, akatoka. Mama alifariki kabla baba hajafika nyumbani.

Kinyozi alijaribu kuvifungua vidole vya mama yake kwa mafuta, kimoja kimoja. Vilirudi.

"Huyu ndiye mama," alisema. "Mnakumbuka alivyokuwa akiushika mkoba wake sokoni? Hata mwizi alikuwa anamwamkia na kupita."

Fundi, dada yake, alicheka, halafu akajifuta uso kwa upindo wa gauni.

"Msimbandue," baba alisema. "Azikwe nacho."

"Baba, mwenyewe anakihitaji. Atachomaje sindano?"

"Na mama yenu je? Mimi nilitolewa mle kama kuku aliyeingia sebuleni. Hicho ndicho kilichobaki naye. Kiende naye."

Baba alivuta kigoda, akakaa karibu, akavitazama vile viganja viwili. Baada ya muda aliona kwamba vidole vya sista havikuwa vimetulia. Viwili vilikuwa vimelala kwenye mshipa wa mkewe, vikitafuta mapigo. Vilisubiri, vikasogea kidogo, vikatafuta tena.

"Hakijaambiwa," alisema.

Aliinama sikioni mwa mkewe.

"Mama watoto, mwachie sasa. Ana wengine."

Mama aliachia. Mkono wake ukapita kwenye gauni bila shida, na fundi akafunga vifungo.

Kwa kipande cha flaneli kilichobaki kwenye bitana ya gauni, fundi alishona mfuko mdogo wenye kifungo, ili kiganja kisipate baridi. Walipomaliza kuzika walikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Baba ndiye aliyeubeba mfuko mapajani. Njiani kiganja kilijitokeza, kikashika kifundo cha mkono wake na kumpima mapigo mpaka getini. Baba hakukizuia.

Sista Upepo alikuwa akichana pakiti ya sindano kwa meno.

"Poleni sana," alisema. "Nilitaka kukifuata, sikupata nafasi."

Baba alikuwa ameandaa maneno mengi ya shukrani. Kinyozi alikuwa hata amemsikiliza akiyarudia. Yote yalimtoka kichwani.

"Hakuwa peke yake," alisema.

"Hapana, baba. Hakuwa peke yake."

"Asante, mwanangu."

Msimamizi wa hospitali, aliyekuwa akipita, alisimama na kuwapongeza wote. Aliwaeleza kwamba familia kama hii ni nadra, na kwamba siku hizi chache zimeufundisha uongozi jambo kubwa. Walikuwa wameomba muuguzi wa pili kwa ajili ya wodi hii. Lakini kwa kuwa kazi imekwenda vizuri kwa kiganja kimoja, ombi wameliondoa, na sista ataongezewa wodi ya watoto.

"Kumbe inawezekana," alisema kwa furaha, akaendelea na safari yake.

Sista alikivalisha kiganja, akakunja vidole na kuvikunjua. Aliusifu mshono wa mfuko. Kengele ililia. Kwenye kitanda cha dirishani, mama mmoja aliyepumua kwa shida aliona binti zake wakitolewa, akaanza kuita. Sista alimfikia kwa hatua zake zilezile, akafungua kiganja, akamwachia. Kisha alichukua chupa ya maji ya mshipa kwa mkono wa kushoto na kuiinua juu ya kitanda cha pili.

Baba alikuwa amenyoosha mkono wa kumuaga. Alisubiri kidogo, akaona hakuna wa kuupokea.

"Mzee, kesho ipo," askari alisema.

Alishuka ngazi nyuma ya wanawe. Vidole viwili vya mkono wake mmoja alivilaza kwenye kifundo cha mkono wa pili, pale pale kiganja kilipokuwa kimeshika, akaenda hivyo hadi nyumbani.