Moto Uliopiga Hodi

Jumanne ilikuwa siku ya kuchoma magodoro. Katika Kituo cha Utafiti wa Moto, ambacho serikali ya Kinshasa ilikifungua Likasi ndani ya klabu ya tenisi iliyoachwa na Wabelgiji, kila siku ilikuwa na kitu chake: Jumatatu mbao, Jumanne magodoro, Jumatano mapazia. Joachim, mkemia mkuu wa kituo, alikuwa amesimama uwanjani, pale ambapo mistari myeupe ya tenisi ilikuwa bado inaonekana chini ya masizi, akitazama godoro la hospitali likitoa moshi wa kijani. Kando yake Damas, aliyekuwa mzimamoto wa mji kabla ya kuajiriwa pale, alishika ndoo ya mchanga na kupiga miayo. Moshi ulipanda, ukageukia upande wa mtaa wa Panda, na wanawake wa huko wakaanua nguo zao kama walivyofanya kila Jumanne.

Hapo ndipo tarishi wa manispaa alipofika kwa baiskeli. Alisema wizara inataka kituo kieleze, kwa njia ya sayansi, chanzo cha moto ulioteketeza kiwanda cha magunia nyuma ya reli.

Joachim alisema amesikia. Hakusema kwamba Clotilde, dada yake, alikuwa miongoni mwa wanawake waliokufa mle, wala kwamba udongo wa makaburini ulikuwa bado umeganda kwenye soli za viatu vyake. Hakuna aliyemwuliza. Mtaani kwao Kikula watu wote walijua kwamba amefiwa, na walijua pia kwamba miili ilikutwa imerundikana nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje. Lakini redio ilikuwa imeshasema kwamba mwanamke mmoja aliingiza mbabula, jiko lake la makaa, ili apike bukari, ugali wa huko, kazini. Jina la mwanamke huyo halikutajwa, kwa hiyo kila familia ilibaki ikijiuliza kama ni maiti wake anayesemwa.

Walijenga kibanda katikati ya uwanja: matofali, mabati juu, dirisha dogo lenye nondo, mlango wa chuma. Ndani waliweka cherehani mbovu, rundo la magunia ya katani, na mbabula yenye makaa mekundu. Mlango haukuwekwa kufuli. Agizo halikutaja kufuli, naye Joachim hakuuliza. Alikuwa akimlea Simone, binti wa Clotilde, na gereza la Buluo halikuwa mbali.

Damas alisukuma gunia la kwanza juu ya makaa. Moto ulishika, ukapanda, ukashika gunia la pili. Kisha ukashuka sakafuni, ukazunguka chumba taratibu kama mtu anayetafuta kiatu chake cha pili, ukafika kwenye mlango uliokuwa wazi, ukatoka nje. Ukalala kwenye kizingiti, ukafa. Damas aliumwagia mchanga, kwa adabu tu.

"Inatoka inje," alisema.

"Naona."

"Tuanze tena?"

Walianza tena. Walimwaga mafuta ya taa. Walileta feni kubwa iliyonyonya umeme wa bwawa la Koni hadi taa za ofisini zikafifia. Walikausha magunia juani mpaka yakawa yanapasuka yakiguswa. Kila mara moto uliwaka vizuri, ukatembea chumbani, kisha ukatoka. Waliporudishia mlango bila kuufunga, moto uliusukuma kwa bega na kupita. Mama Albertine, aliyefagia ofisi, alikuja kuangalia alama nyeusi kwenye kizingiti, akawaka.

"Ile moto yenu haijue kupanguza miguu?" aliuliza. "Njo minye nasugua kila siku."

Siku moja, wakiwa wanakula mihogo kwenye benchi la waamuzi, Damas alisema bila kumtazama mkubwa wake, "Bwana Joachim, kule kulikuwa kadena ku mulango."

"Najua."

"Batu bote banajua."

"Najua, Damas."

Joachim alimaliza muhogo wake. Akapangusa mikono, akamtuma Damas kwenye duka la Mgiriki kununua kufuli la shaba, kubwa, la aina ile ile iliyotumika kiwandani.

Mara hii waliuwasha moto kwa kupitisha mwenge dirishani, baada ya Damas kufunga mlango kwa nje. Moto ulizunguka chumba kama kawaida yake. Ulifika mlangoni. Ulikaa pale kidogo. Halafu ukarudi kwenye magunia ukasimama wima mpaka kwenye mabati, na rangi ya mlango ikaanza kuvimba. Joachim alikuwa anatazama saa yake ili apime, ndipo hodi ilipopigwa kutoka ndani.

Ilipigwa mara mbili, ikanyamaza, ikapigwa mara moja. Ilipigwa kwa kiganja, si kwa vidole, kwa sababu vidole vya Clotilde vilikuwa vimejaa majeraha ya sindano za magunia, na kwa miaka yote aliyofanya kazi kiwandani alibisha hivyo nyumbani kwa kaka yake, jioni, akija kumchukua Simone.

Joachim alitoa ufunguo mfukoni, akafungua. Moto ulitoka, ukampita bila kumgusa, ukalala kwenye kizingiti.

Walirudia kesho yake, na siku iliyofuata. Hodi ilipigwa, na Joachim alifungua. Magunia yalibaki nusu yameungua na jaribio likabaki halijakamilika.

"Bwana, hivi tutamaliza lini?" aliuliza Damas.

"Unasikia weye pia?"

"Nasikia. Ni muntu wako?"

"Ni Clotilde. Vile njo alikuwa anapigaka mulango ya kwangu."

Damas alitikisa kichwa. Alisema mlango wa chuma hupeleka sauti vizuri kuliko wa mbao, na akaenda kuchota mchanga mwingine.

Joachim alipeleka jibu Kinshasa. Alieleza kwamba moto huu hauui watu mlango ukiwa wazi. Unaua watu mlango ukifungwa kwa nje, na hubisha hodi kabla ya kuua. Wizara ilishukuru, ikasema itamtuma mjumbe aje ajionee.

Mjumbe alikuja kwa ndege hadi Lubumbashi, kisha kwa gari, akiwa amevaa suti ya kijivu na miwani ya jua. Alikuja pamoja na Bwana Adolphe, mkurugenzi wa kiwanda cha magunia. Viti viliazimwa parokiani vikapangwa penye kivuli, na bia ilikuwa kwenye ndoo ya barafu. Chini ya mijakaranda lilisimama gari jingine, ambalo waliokuwa ndani yake hawakushuka.

Kwanza Joachim aliwaonyesha moto ukitoka mlangoni. Mjumbe aliutazama ukijilaza kwenye kizingiti, akasema kwa Kifaransa kwamba ni moto wenye malezi mazuri. Bwana Adolphe alicheka.

Kisha Joachim alimpa Damas ufunguo na kumwambia akasimame upande wa pili wa wavu, wala asije hata akiitwa.

"Hata nikikuita minye mwenyewe," alisema.

"Hata weye," alijibu Damas.

Mlango ulifungwa. Moto ulikwenda mlangoni, ukarudi, ukasimama. Hodi ikapigwa: mara mbili, kimya, mara moja.

"Ni nini hicho?" aliuliza mjumbe.

"Ni dada yangu."

"Ah. Pole," alisema mjumbe, akaangalia saa yake.

Joachim alifunga mikono nyuma ya mgongo, mkono mmoja ukashika kiwiko cha mwingine. Hodi ilipigwa tena, kwa haraka zaidi. Ikawa ya viganja viwili. Joachim aligeuka akamwita Damas, akamwita tena kwa jina la ukoo wake, na Damas alibaki nyuma ya wavu akitazama ardhi, kama walivyopatana. Hodi ikaanza kushuka: usawa wa kifua, usawa wa goti, kisha chini kabisa ya mlango, kiganja kimoja tu. Kisha ikakoma. Mabati yaliporomoka, cheche zikaruka hadi kwenye viti vya parokia, na mjumbe akapangusa goti lake.

Majivu yalipopoa kidogo, Bwana Adolphe mwenyewe alilichokoa kufuli kwa kijiti, akalimwagia maji, akaomba ufunguo. Kufuli lilifunguka mara ya kwanza. Alilifunga, akalifungua tena. Mjumbe alipiga makofi.

"Hii ndiyo sayansi," alisema. "Nyumba imekwisha, kufuli limebaki."

"Bwana Mjumbe," alisema Joachim, "mlango ungekuwa wazi, wasingekufa."

Bwana Adolphe alijibu kabla hajaulizwa. "Mulango wazi, magunia inatoka. Bale bamama banabeba chini ya bitenge, banauzisha ku batu ba makala. Minye nitafanya nini?"

"Moto ulikuja mara moja," alisema mjumbe. "Wizi unakuja kila siku." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka, hayakuwa mabaya. "Basi tuelewane, Bwana Mkemia. Umetuonyesha kwamba moto hauna kosa, na kwamba kufuli halina kosa. Mimi lazima nirudi Kinshasa na chanzo. Chanzo ni nini?"

Chini ya mijakaranda mlango wa gari ulifunguliwa, na mtu mmoja akatoa mguu nje ili apate upepo. Joachim alimfikiria Simone. Aliwafikiria Damas na Mama Albertine. Alitafuta neno jingine kwa muda mrefu, mpaka barafu ikamaliza kuyeyuka ndani ya ndoo.

"Mbabula," alisema.

Mjumbe alimshika bega, akaomba bia.

Redio ilitangaza kwamba utafiti wa kisayansi umethibitisha. Jioni ile Simone alikuwa anasonga bukari, mgongo wake ukimwelekea mjomba wake. Alizima redio kwa mkono wenye unga.

"Manseba," alisema, kama walivyowaita wajomba katika nyumba za watu wa Kasai, "mama hakukuwa na mbabula. Siku ile alibeba mihogo ya kupola. Minye njo nilimufungia mu kitambaa."

"Najua, mwana wangu."

"Kama unajua, juu ya nini ulisema vile?"

Joachim alinawa mikono. Walikula. Walikimaliza chakula, kwa maana hakikuwa cha kutupwa.

Kiwanda kilijengwa upya kabla ya mvua. Bwana Adolphe alitangaza kwamba watoto wa marehemu ndio watakaoajiriwa kwanza, na watu wakasema hilo ni jambo jema, nalo lilikuwa jambo jema. Simone alipata cherehani ya safu ya nyuma. Siku aliyorudi nyumbani na sare, Joachim alimngoja mlangoni.

"Banafunga?" aliuliza.

"Banafunga."

"Uache ile kazi. Nitakutafutia ingine kule Mulungwishi, ku masomo ya bamisioni."

"Kule kwiko bangapi bananingojea?" alisema Simone, bila ukali. "Balikwisha kuniandika huku. Na minye nikiacha, batatia mwingine. Naye pia eko mutoto wa muntu."

Aliingia ndani akajaribu sare mbele ya kioo. Ilimkaa vizuri.

Watu wa Likasi waliuzoea moto ule. Huko Kikula, mbabula ikipinduka, mama wa nyumba alifungua mlango na kuwaambia watoto wasogee, nao moto ulipita katikati yao ukaenda kufia uani. Hakuna nyumba iliyoungua. Yaliungua tu maghala na karakana za wakubwa, kwa sababu huko makufuli ya aina ile ya Mgiriki yalikuwa yameagizwa kwa makasha, na majirani waliokaa karibu walilalamika manispaa kwamba hodi inawasumbua.

Wizara ilisikia. Iliiongezea Likasi fedha za utafiti, na pamoja nazo kazi mpya: kutafuta mlango usiopitisha sauti.

Joachim aliifanya kazi hiyo vizuri. Alijaribu mabati mawili yenye mchanga katikati, kisha mchanga na pamba, kisha asbesto iliyoshindiliwa. Kwa kila mlango Damas alifunga kufuli na moto ukawashwa, na kwa kila mlango hodi ilizidi kufifia, hadi ikawa kama mtu anayekung'uta shuka nyumba ya tatu. Joachim alikonda. Mama Albertine alimletea uji, na alimkuta mara nyingi amesahau kuunywa.

Mlango wa mwisho ulikuwa mzito hata wakahitaji kuomba wanaume wa mtaani wausimamishe. Moto uliwashwa. Joachim alikwenda akaweka sikio kwenye chuma kabla hakijapata joto. Alisikia pumzi yake mwenyewe na ndege kwenye mijakaranda. Kisha akaweka kiganja. Chini ya kiganja chake chuma kilitetemeka: mara mbili, kikatulia, mara moja. Kilitetemeka tena, kwa haraka zaidi, mtetemo ukaanza kushuka, na kiganja chake kikashuka pamoja nao, kifuani, gotini, mpaka akawa amepiga magoti kwenye majivu.

"Unasikia kitu?" aliuliza Damas kutoka nyuma ya wavu.

"Hapana," alisema Joachim, na huo ulikuwa ukweli.

Malengelenge ya kiganja yalikuwa hayajapona lori lilipokuja kuuchukua ule mlango. Ulipelekwa kiwanda cha magunia, ukawekwa asubuhi zamu ya Simone ikiwa kazini. Mafundi walioufunga waliusifu sana. Walisema hawajapata kuona chuma kizito namna ile kikijifunga polepole vile, bila kelele yoyote.