Mbolea Upande Huu, Maharagwe Upande Ule

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mumbe alipima kifuniko kimoja cha mbolea ya majani, akakimimina ndani ya pampu ya lita ishirini, akajaza maji ya kisima na kuibeba mgongoni. Alinyunyiza mistari yake minane ya maharagwe, juu ya majani na chini yake, kama alivyoagizwa na Feisal, afisa wa kilimo. Maharagwe ya bara hayapendi joto la Munje, huku Pwani, na haya yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Mbegu zake zote zilikuwa ardhini. Yakifa haya, msimu ujao hangekuwa na cha kupanda.

Siku ya tano maharagwe yake yalikuwa vilevile. Ya Bi Mishi yalikuwa yamefika dirishani.

Bi Mishi aliishi ng'ambo ya ua, kwenye kipande chembamba kati ya shamba la Mumbe na barabara ya Lunga Lunga, ambako malori yalipita yakitikisa sufuria zake. Alikuwa amepanda punje sita alizopewa na Mumbe, kila moja ndani ya karai bovu. Mbolea hakuwa nayo. Ila kila Mumbe aliponyunyiza upande huu, majani ya upande ule yalilowa.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Naona mbolea yangu inakuja kwako."

"Inakuja. Ya leo umeizidisha, ncha zimeungua kidogo."

Mumbe aliomba radhi, kisha akarudi nyumbani asijue ameomba radhi ya nini.

Alijaribu kunyunyiza jioni. Alijaribu mstari mmoja tu, na karai moja tu likastawi. Akaivusha pampu ua, akayanyunyizia makarai yenyewe, na maji yakateleza kama juu ya jani la myugwa. Akamwita Feisal.

Feisal alipima kwa rula pande zote mbili, akaandika, akapima tena.

"Mama, dawa inafanya kazi vizuri sana," alisema. "Ila hapa ndipo haifanyi. Hivi visiki ni vya nini?"

"Vya minazi. Baba mkwe aliikata tulipopewa shamba."

"Kumi na mmoja," Bi Mishi alisema kutoka ng'ambo, bila kuinua uso kwenye ungo wake. "Aliipanda babu yangu."

Huku Pwani shamba laweza kuwa la huyu na mnazi ukabaki wa yule aliyeupanda, na hata mtoto hukwambia hivyo. Mzee Kisilu, baba mkwe wa Mumbe, alitoka bara na barua ya kugawiwa ardhi, akadhani barua imetaja kila kitu kilichosimama juu yake. Hakumbishia mtu hodi. Alikata minazi asubuhi, na kufikia adhuhuri jamaa za Bi Mishi walikuwa wanahamishia vyombo kando ya barabara.

Mumbe alikuwa amekalia visiki hivyo miaka ishirini akimenya mihogo. Aliona aibu, halafu akakasirika kwamba anaona aibu, maana shoka halikuwa lake. Hakupata pa kuiweka hasira hiyo. Akaendelea kunyunyiza.

Mistari minane ilikauka yote. Makarai sita yalijaza magunia mawili, na Bi Mishi akamwita Mumbe, akampimia debe zima.

"Mbegu zako hizo. Kapande."

"Nikapande wapi, Bi Mishi?"

"Kwani una shamba jingine?"

Feisal alikuja kufunga ripoti yake. Aliandika kwamba mbolea ya majani inaongeza urefu, majani na mavuno. Kisha akafika pa jina la mwenye shamba, kalamu ikasimama. Bi Mishi alikuwa anatazama lori. Mumbe aliifikiria hati iliyokuwa sandukuni chini ya kitanda, akawafikiria watoto wake wanne.

"Niandike mimi," alisema.

Feisal akamwandika.

Bi Mishi aliwakaribisha chakula kama kawaida. Alimpakulia Mumbe kwanza, bakuli likajaa, maharagwe yameiva mpaka yanapasuka.

"Kula, mwanangu," alisema. "Yamekosa tui tu."