Mpaka Uliorudi Kijitoni

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Penina alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi za mchana, akasikia gari linazima injini kwenye boma la zahanati. Hakuinuka. Alimaliza kwanza ndizi aliyoishika, akajifuta utomvu kwa kitambaa chenye mafuta, ndipo akamwambia mkamwana wake, "Celina, nenda kaangalie. Labda ni bati."

Hazikuwa bati. Walikuwa wanaume wawili: Dastan, afisa wa mipaka kutoka Bukoba mjini, aliyevaa viatu vya ofisini, na dereva wake Shaban, aliyevaa ndala kwa sababu alishawahi kufika Nyarubale wakati wa mvua.

Boma hilo lilikuwa na mwaka wa tatu limesimama bila paa. Kiwanja alikitoa Penina, akakata kipande cha kibanja alichoachiwa na marehemu mumewe Bartholomayo. Matofali waliyachoma watu wa kitongoji wenyewe. Maji ya kukandia udongo aliyabeba Celina na wenzake kutoka kijitoni. Bati alikuwa ameziahidi Mheshimiwa mbunge, kutoka mfuko wa jimbo, katika ziara ya kuwashukuru wapiga kura. Hapo kitongojini Nyarubale alishukuru kwa kifupi, maana alipata kura tisa kati ya mia nne na kumi na mbili. Mbili kati ya hizo zilikuwa za mwenyekiti wa kitongoji, Apolinary, na mke wake, ingawa mke wake baadaye alikana.

Celina alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya bodaboda, njiani kwenda hospitali, na hakufika. Kwa hiyo zile bati Celina alikuwa anazijua kabla hazijaja. Zilitakiwa thelathini na sita, na kofia nane za paa. Mumewe Julius, aliyekuwa visiwani anavua dagaa, kila akipiga simu alianza kwa kuulizia bati, halafu mama yake, halafu yeye.

Dastan alitandaza ramani juu ya boneti. Jimbo lilikuwa limekua kupita kiasi, akaeleza, sasa linagawanywa mawili: Kaskazini, upande wa Bukoba, na Kusini, upande wa Muleba. Mheshimiwa atabaki Kaskazini. Mstari wenyewe ulitoka magharibi umenyooka vizuri kabisa. Ulipofika Nyarubale ulikata kona, ukazunguka nyumba zote za kitongoji kama mtu anayemkwepa mbwa, ukapita ndani ya zahanati, halafu ukanyooka tena mpaka ziwani.

"Sisi tuko wapi?" Celina akauliza.

"Nyumba zenu ziko Kusini."

"Na zahanati?"

Dastan akaingia ndani ya boma, akapima kwa hatua. "Chumba cha dawa ni Kaskazini. Choo ni Kusini. Chumba cha kujifungulia, mstari umepita katikati."

"Nani ataezeka?"

"Kila jimbo litaezeka upande wake," Dastan akasema, "baada ya majimbo kuwasiliana."

Ilibaki kuweka vigingi. Vile vya chuma viliishia njiani, maana kila walipovichomeka, wauza chuma chakavu walikuja nyuma yao wakivichomoa. Dastan akaangalia huku na huku, akaona ua wa kibanja cha Penina, umepandwa milamula iliyonyooka vizuri. Akamwambia Shaban akate fimbo arobaini na moja, urefu wa kiuno.

Penina alikuja mwenyewe, kisu cha kumenyea ndizi bado mkononi.

"Mwanangu, hivyo siyo vigingi. Huo ni mlamula."

"Mama, ni mti tu."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kashozi."

"Umetoka Kashozi na hujui mlamula?" Penina akamtazama viatu, kama jibu liko huko. "Mlamula ndio mpaka wa kibanja. Unachomekwa mbele ya majirani wa pande zote mbili, wanakubaliana, wanakunywa rubisi, basi. Majirani wako wapi hapa?"

"Wako kwenye ramani, mama."

"Haya," Penina akasema. "Chomeka. Lakini usije ukasema hukuambiwa."

Shaban akachomeka zote arobaini na moja. Mbili zilikaa ndani ya chumba cha kujifungulia, maana sakafu ilikuwa bado ya udongo. Kufikia Ijumaa fimbo zote zilikuwa zimetoa majani. Hilo lilikuwa la kawaida, mlamula huota hata ukiuchomeka kichwa chini.

Jumamosi saa tisa mchana, Celina akichambua maharage uani, mlamula wa kwanza ulichomoa mguu ardhini, taratibu, kama mtu aliyenasa kwenye matope. Ukajikung'uta udongo. Ukaanza kutembea. Mwingine ukafuata, na mwingine, mpaka yote ikawa kwenye mstari. Ile miwili ya zahanati ilitokea mlangoni, mmoja ukimpisha mwenzake. Ilipita uwanja wa mpira katikati ya mechi. Mwamuzi akapuliza filimbi, wachezaji wakasimama mikono kiunoni, milamula ikavuka, mchezo ukaendelea na mpira wa kurusha. Jua linakaribia kuzama, yote ilikuwa imefika chini kwenye kijito, ikajipanga kando ya maji. Hapo ndipo watu wote wa Nyarubale walijua siku zote kwamba eneo lao linaishia.

"Imepita?" Penina akauliza kutoka jikoni.

"Imepita, mama."

"Basi funika maharage, yasiingie mchanga."

Apolinary akapiga simu Bukoba. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Afisa, vigingi vimetembea."

"Nani kaving'oa?"

"Hakuna. Vimetembea vyenyewe."

"Kwa idhini ya nani?"

Jumatatu Dastan alirudi, akairudisha milamula yote. Jumanne mchana ikaondoka. Akairudisha tena, safari hii akakaa kwenye kigoda na saa yake mkononi, akapima mwendo: hatua kumi kwa dakika, tambarare. Penina akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama anavyopewa mgeni yeyote. Dastan akatafuna, akaandika ripoti. Ofisini wakamjibu kwamba fomu haina sehemu ya vigingi kutembea, aandike mmomonyoko wa udongo. Akaandika.

Mara ya tatu waliifunga kwa kamba. Asubuhi kamba zilikutwa zimekunjwa vizuri juu ya dirisha la zahanati, zimerudishwa. Apolinary akapendekeza awepo mlinzi wa mpaka mwenye posho, akapendekeza jina lake mwenyewe. Alilinda siku nne. Ikianza kuondoka alikuwa anaisindikiza mpaka kijitoni, kwa sababu, alisema, haijaandikwa popote kwamba mlinzi aizuie.

"Ta Apolinary," Celina akamtania, tumbo lake sasa linaonekana, "unalinda mpaka au unauchunga?"

"Nachunga, waitu. Ila hawa hawali majani ya mtu."

Mwezi wa tisa Mheshimiwa alikuja kufanya mkutano wa kampeni kwenye uwanja wa mpira. Nyarubale haikuwa jimbo lake tena, lakini vijiji vya jirani vilikuwa vyake, na uwanja ulikuwa huo mmoja tu. Vipaza sauti viliwekwa, akina mama wakacheza, Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, mipaka hii imepangwa na wataalamu!" akasema.

Asubuhi ile Dastan alikuwa ameirudisha milamula kwa ajili ya ugeni, na sasa ilikuwa saa tisa. Ikaja katikati ya uwanja kwa mwendo wake. Watu wakaachia njia. Mheshimiwa akanyamaza kungoja ipite, kama anavyongoja gari la matangazo. Arobaini ikapita. Ule wa mwisho ukageuka, ukaja mbele ya jukwaa, ukasimama wima chini ya miguu yake.

Mama mmoja akamshusha mtoto begani.

"Huyu anataka nini?" Mheshimiwa akauliza, akisahau kuzima kipaza sauti.

Apolinary akapanda jukwaani, akainama. Naye alisikika kwa watu wote. "Mheshimiwa, kwa mila yetu, mlamula ukiletwa mbele yako, ujue una ugomvi na mwenzako. Wewe unasema nilikosa. Mwenzako anasema yameisha. Basi. Ni neno moja tu."

Celina alikuwa amesimama mstari wa mbele, mkono kiunoni. Alimtazama Mheshimiwa mdomoni. Watu waliokuwa karibu na Celina walisema baadaye kwamba midomo yake mwenyewe ilikuwa inatikisika, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi kusoma.

Mheshimiwa aliutazama ule mlamula kwa muda mrefu. Halafu akatabasamu, akachukua kofia ya chama kutoka kwa msaidizi wake, akainama, akauvalisha.

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ni tabia.

Mlamula ulikaa kidogo na ile kofia, kama unamwongezea muda. Kisha ukageuka ukawafuata wenzake. Kofia haikudondoka.

"Itausaidia hata juani," Penina akasema, wakaenda nyumbani.

Baada ya hapo ofisi ilitoa uamuzi: ramani haitembei. Mpaka ni ule wa kwenye karatasi, na vigingi viachwe vikae vinakotaka, visihesabiwe. Dastan alileta barua hiyo mwenyewe. Alipomaliza kuwasomea watu alishuka mpaka kijitoni akaisomea na milamula pia, ili isije ikasemwa haikujulishwa.

Oktoba watu wa Nyarubale walipiga kura Kusini, wakachagua kati ya majina ambayo hawakuwahi kuyasikia. Penina alimchagua mwenye sura iliyofanana kidogo na Bartholomayo. Mheshimiwa alishinda Kaskazini bila shida. Celina aliandika barua kwa mbunge wa Kusini kuhusu bati, na mbunge wa Kusini akajibu kwamba zahanati ni suala la Kaskazini. Akaandika Kaskazini, wakajibu kwamba wapiga kura wa hapo wako Kusini. Barua zote mbili zilikuwa na mhuri mzuri.

Katikati ya Novemba mvua ilikata barabara. Siku hiyo, saa sita mchana, Celina alishikwa na uchungu akiwa anatwanga kahawa. Bodaboda alikuja, akaangalia maji darajani, akasema, "Ma Penina, hapa hata pikipiki itataka kuogelea." Celina aliposikia neno pikipiki alishika nguzo ya nyumba, akakataa kuiachia.

"Sipandi," akasema. "Mama, mimi huko juu sipandi tena."

"Hakuna anayekupandisha. Twende kwenye chumba chako. Umekibebea maji miaka mitatu."

Wakamlaza Celina kwenye mkeka katika chumba cha kujifungulia, chini ya mbingu, na Klaudia jirani, aliyezalisha nusu ya kitongoji, akakunja mikono ya gauni. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Ndipo milamula ikapanda kutoka kijitoni. Siku hiyo ilikimbia, Klaudia anasema, ingawa kukimbia kwake ni kama mtu mzima anayewahi misa. Ikaingia kwa mlango usio na ubao, ikajipanga kufuata kuta, ikarefuka. Ikainamisha vichwa mpaka majani yakakutana juu. Mvua ikanyesha kweli kweli. Ilivuja sehemu moja tu, katikati. Ule wenye kofia ulibaki nje mlangoni.

"Mmoja wenu asogee, ananiziba mwanga," Klaudia akasema. Mmoja ukasogea.

Mtoto alizaliwa saa kumi, wa kike, mzima, na sauti iliyofika kwa Apolinary. Celina alimshika kichwa kwa viganja viwili na hakumwachia mtu mpaka jioni. Julius akapiga simu kutoka visiwani. Kwa mara ya kwanza hakuulizia bati.

Wiki ya pili Dastan alifika kwa kazi mbili. Ya kwanza, kuandikisha mtoto. Alipima chumba, akauliza mama alilala vipi. Klaudia akamwonyesha. Kichwa cha Celina kilikuwa Kaskazini, miguu Kusini. Dastan akafikiri, akaandika nusu ya mtoto kila jimbo. Fomu ya Kaskazini haipokei nusu, ikapunguzwa ikawa sifuri. Ya Kusini vilevile.

Kazi ya pili ilikuwa kukagua majengo. Akainua macho, akaona majani yamefunga juu kutoka ukuta mpaka ukuta. Akatoa kalamu.

"Unaandika nini, mwanangu?" Penina akauliza, akimsogezea kisahani cha kahawa.

"Jengo lina paa, mama."

"Paa hilo si la serikali."

"Fomu haiulizi la nani." Akachukua punje mbili za kahawa, akatafuna, macho yakiwa chini kwenye viatu vyake. "Inauliza kama lipo."

Akatia tiki. Bati thelathini na sita, na kofia nane, zikafutwa kwenye maombi ya majimbo yote mawili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza majimbo hayo kuwasiliana.

Milamula imebaki pale. Akina mama wa Nyarubale wanajifungulia humo sasa, na mvua ikinyesha bado panavuja pale katikati, juu ya mstari. Celina ameweka beseni. Likijaa, siku moja anamwaga maji upande wa Kaskazini, siku nyingine upande wa Kusini, mtoto mgongoni, asije akaambiwa anapendelea.