Cheti cha Namba Saba

Pikipiki ya afya, namba saba, ilikuwa imeibwa Lusangi, na Papa Joël, mkubwa wa ofisi ya magari ya afya pale Kasongo, alikuwa hakaliki. "Nadine, kata cheti ya namba saba. Sasa hivi."

Kila gari na pikipiki ya ofisi ilifungwa kisanduku cha kuionyesha kwenye ramani, na kila kisanduku kilikuwa na cheti chake cha kuruhusu injini iwake, ndani ya kompyuta ya Nadine. Cheti kikifutwa, au kisanduku kikifa, chombo kikizimika hakiwaki tena. Ndiyo maana Nadine alitunga sheria: cheti hakifutwi mpaka mtu wa pili athibitishe kisanduku kimefungwa kwenye chombo gani. Madereva walimcheka, wakamwita Mama Karatasi.

Akatazama ramani. Namba saba ilikuwa njiani kutoka Kabambare, ikielekea Kasongo.

"Ule mwizi iko anatucheka," Papa Joël akasema. "Kata."

Kidole cha Nadine kilikuwa tayari, maana mkubwa ni mkubwa. Lakini mwizi gani huyu anayekimbilia mjini kwenye polisi? "Chef, unisamehe. Sheria ni watu wawili." Akampigia Assumani, fundi wa Lusangi.

Assumani alianza kwa kukohoa, na fundi akianza kwa kukohoa ujue kuna jambo. "Mama Nadine, jana kisanduku ya ambulansi ilikufa. Nikaiwekea ile ya pikipiki. Nilitaka kukuambia."

Mafundi wetu hao, kwao kipuri hakina mwenyewe. Na asubuhi hiyo, Assumani akaongeza, ambulansi ilikuwa imembeba Ernestine kumleta Kasongo, mja mzito aliyekuwa akitoka damu tangu alfajiri. Nadine aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Papa Joël akaketi.

Saa sita gari likaingia hospitalini, Ernestine akapasuliwa. Kabla ya saa nane daktari alitoka: mama mzima, mtoto mzima. Nadine alimshukuru Mungu kwa sauti, bila haya. Hata pikipiki ilipatikana mihogoni. Bila kisanduku haikuwaka, na mwizi alichoka kuisukuma.

Feruzi, dereva wa ambulansi, alikuwa akikwangua tope kwenye suruali. Hakujua lolote. "Njia mbaya sana, Mama. Motere ilizimika mara tatu mu matope."

"Na ikawaka?" Papa Joël akauliza polepole.

"Ikawaka, Papa. Ingekataa, ule mama hangefika."

Papa Joël alivua kofia, akaushika mkono wa Nadine kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi.